Mkaja wa Mama

Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mwanamke hata akiolewa nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya urembo, ukuta mzima, tumbo likishakuwa zito hufunga nguo zake na kurudi kwao, akajifungue mbele ya mtu asiyemwonea haya. Mimi sikuwa na pa kurudi. Mama yangu alifariki kwetu Chundwa, kisiwani Pate, akijifungua, wakati mimi sijang'oka hata meno ya mbele, na mtoto mwenyewe akamfuata siku ile ile. Aliyenilea ni shangazi yangu, dada yake baba, ambaye Mungu hakumjalia kuzaa.

Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni tangu siku ya kujifungua mpaka arubaini. Ndiyo maana kwenye harusi upande wa mume humpa mama wa bibi arusi mkaja wake, shukrani kwa tumbo lililobeba. Siku yangu mimi ilibidi apewe shangazi. Aliupokea kwa mikono miwili, akaenda kulia jikoni. Mimi nililia chumbani kwa hasira, maana ule ulikuwa haki ya mtu mwingine. Watu wakasema, masikini, bibi arusi ana haya.

Niliolewa Amu mjini, ndiyo Lamu, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mume wangu alikuwa na duka la nguo, mtu mpole, na imani yake kwa hospitali ilikuwa kubwa tangu walipomtibu mguu uliokuwa karibu kuoza. Niliposhika mimba hakuniuliza. Aliniambia nivae buibui langu twende nikapimwe.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa bara, mwenye sauti ya taratibu. Mizani nilipanda bila ubishi. Kisha akanipa chupa, akanieleza kwamba kila nikija nije nayo, na mkojo wa asubuhi ndani. Nikadhani sikumwelewa. Nikamwuliza tena, akanieleza tena vile vile. Ndipo nikaanza kuhesabu nyumba za kupita mpaka hospitali, na kila nyumba ina watu darini na mlangoni, na kila mmoja atataka kujua habari za nyumbani, na mimi nimesimama pale namjibu salama, alhamdulillahi, huku nimekumbatia chupa yangu chini ya buibui. Nilimrudishia. Akachukua sindano ya kutoa damu, nayo nikaikataa. Mume wangu alikuwa anangoja nje. Alipoambiwa, alinitangulia njia nzima mpaka nyumbani.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu, alikuwa upande wangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mke wa mwanangu apite ndiani na tupa ya mkojo?" alimwuliza mwanawe. "Huoni haya?"

Mkojo ulikuwa haya tu. Damu ilikuwa jambo jingine, na hilo sikumwambia yeyote. Niliona kwamba wakiitazama damu yangu watakiona ndani yake kile kilichomwua mama, kisha yule muuguzi mpole aje aniambie kwa ile sauti yake. Sikutaka kuambiwa. Walirudi kuniomba mara kadhaa, mume wangu akanibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Kwa ukaidi mimi sina mshindani.

Basi mavyaa akaleta mkunga wao. Mwanamke wa miraba minne, aliyewapokea watoto wote wa nyumba ile, na kila alipoingia alitaka kwanza chai. Alinilaza, akanikanda kwa mafuta ya uto mpaka nikang'ata kanga.

"Kwangu mimi hapana kulala na utungu," alisema. "Nitakunywesha dawa, tusukume, tumalize."

Mavyaa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nimelala pale namtazama yule mama mikono yake, mikubwa, safi, haina kosa lolote, na nilichokuwa nikiwaza ni kwamba haikuwahi kumgusa mama yangu. Nilitaka mtu wa kukaa nami na kungoja. Hilo ndilo nililomwambia mavyaa. La pili nililimeza, na la pili ndilo lililokuwa kweli: nilimtaka mkunga aliyekuwa na mama siku ile.

Nilisema nakwenda Chundwa kumsalimia shangazi. Nikapanda mashua mpaka Faza, na kutoka hapo nikabebwa na punda, tumbo mbele, nikimwomba radhi mnyama wa watu kila kilima. Shangazi alifurahi mpaka nilipomtajia mkunga. Akaweka chini mbuzi ya nazi.

"Tangu mamako hajashika mwanamke," alisema. "Usimsumbue."

Sikulala kwa neno lile. Asubuhi yake nilimkuta yule mkunga shambani kwake, anaanika majani ya tumbaku. Alikuwa amekonda, mrefu kuliko nilivyomkumbuka kwa macho ya kitoto. Hakuuliza mimi ni nani.

"Sura ya mamako," alisema. "Ndoo keti, yua kali."

Nikaja nikaketi kivulini, nikamweleza haja yangu yote kwa pumzi moja, hospitali, chupa, mkunga wa mavyaa na dawa yake. Alinisikiliza huku akigeuza majani.

"Kazi hiyo nimeiata, mwanangu."

"Najua. Lakini nataka ile ile mikono."

Ndipo alipoacha majani. "Wataka mkunga, au wamtaka mamako?"

"Wote wawili," nikasema, na nikaanza kulia kama mtoto mchanga, kamasi na kila kitu, sikujali nani anapita.

Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akanieleza, kwa maneno machache, jambo ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kunieleza. Mama alijifungua vyema. Alimwona mtoto, akacheka. Baada ya hapo damu haikukatika. Mkunga akasema apelekwe Amu, wanaume wakakimbia pwani, na mashua ikakutwa imekaa matopeni.

"Mai yalikuwa yametoka," alisema. "Tukangoja mai."

Akarudi kwenye majani yake. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani mama alikufa kwa kitu fulani kilichokuwa ndani yake, na sasa kitu ndani yangu. Kumbe alikuwa anangoja maji ya bahari yarudi. Sikujua kama nimepata nafuu au nimeumia zaidi. Nilichojua ni kwamba nilitaka kuzalia palepale, katika chumba kile kile alimozalia mama, na nikamwambia hivyo.

"Hapa sikushiki," alinikata. "Nitakuya Amu, kwa mavyaa wako. Na siku hiyo nikisema twende hospitali, wewe hunijibu. Mavyaa wako hanijibu. Mumeo akae mlangoni, na watu wa kubeba wawe tayari."

Kisha akanivuta kwenye mwanga, akanishusha ukope wa chini akatazama, akanibonyeza miguu kuona kama inavimba, akaniuliza kama kichwa kinauma na kama naona vimulimuli. Nikacheka huku bado natokwa machozi. Nimevuka bahari kukimbia vipimo, na hivi vingine ni nini?

"Damu hujatoa?" akauliza.

"Sijatoa na sitoi."

"Hiyo ni yako. Lakini mimi sioni ndani ya damu. Usiye ukadhani naona."

Kabla ya kuondoka niliingia kile chumba cha mama. Shangazi alikuwa amekijaza nazi mpaka dirishani. Nilitafuta pa kusimama, nikasimama, nikasubiri nione kitu. Panya alipita.

Mume wangu alipolisikia sharti la hospitali alikubali haraka mno, nikajua kwamba siku zote zile za kununa alikuwa anaogopa tu. Mavyaa alisusa. Mgeni kutoka Pate, ananuka tumbaku, aingie ndani kwake mbele ya mkunga wa nyumba? Lakini mkunga wa Chundwa alipofika, mwezi wangu ulipokaribia, alifanya jambo la adabu: alikwenda mwenyewe kwa mkunga wa mjini, akamwomba aje wakae pamoja. Yule naye, kwa vile ameombwa, alikuja, akataka chai, na yakaisha.

Uchungu ulinishika baada ya sala ya alfajiri. Mkunga wangu aliketi chini karibu na miguu yangu, tasbihi mkononi, na kwa muda mrefu hakufanya lolote. Mkunga wa mjini alihangaika. "Tumnyweshe," alisema. "Bado," akajibiwa. Jua likapanda, muadhini akaadhini adhuhuri, na bado jibu lilikuwa lile lile. Mimi nilitembea, nikapiga magoti, nikaegemea ukuta, nikamtukana mume wangu ambaye hakuwa na kosa. Hakuna aliyenisukuma. Nilipomwita mama kwa sauti, mavyaa, mwanamke yule yule aliyekuwa amesusa, alinishika mkono akaniambia, "Lepe." Ndivyo mtu wa Amu anavyoitika akiitwa.

Mtoto alitoka kabla ya alasiri. Wa kike, analia. Nikamwona, nikacheka, na hapo hapo nikamwona mkunga ananitazama ninavyocheka, uso umemsawijika.

Damu ilikuwa inatoka. Niliisikia yenyewe, moto, inashuka. Alinitia mkono tumboni akaanza kunikanda kwa nguvu ambazo sikujua anazo, na bila kugeuka akamwambia mavyaa, "Mwambie mwanao asimame." Mkunga wa mjini, bila kuombwa, alipiga magoti upande wa pili wakawa wanakanda kwa zamu. Mkunga wangu akaniwekea mtoto kifuani anyonye. Nje nilisikia kitanda kinaburutwa. Nilikuwa natazama boriti za dari na nilikuwa na wazo moja, kwamba hapa si Chundwa, hospitali i karibu, hapana maji ya kungoja. Nikaogopa hata hivyo. Kama wangesema twende, ningekwenda, na ningetoa damu yote waliyoitaka.

Pole pole ikapungua. Alitazama, akatazama tena, akakanda, akatazama. Mwisho akakaa chini, mgongo ukutani.

"Mwambie akae," akasema.

Mkaja wangu, zawadi ya mavyaa, ulikuwa tayari kwenye kidaka, mweupe, mpya. Mkunga hakuuchukua. Alifungua mkoba wake wa ukindu akatoa kitambaa cha zamani, kimekunjwa vizuri, mikunjo imegeuka manjano.

"Hunu alikuwa amejiwekea mamako," alisema. "Siku hiyo nilikuwa nao mapayani, nimeketi nangoja kumfunga. Nilitoka nao sikujua. Kurudi nyumbani kwenu na mkaja mkononi, sikuweza."

Mavyaa akausukuma ule wake mpya ndani zaidi ya kidaka. Wakaniinua. Mkunga akauzungusha, akavuta.

"Umekaza?"

"Kaza zaidi," nikasema.

"Utashindwa kupumua."

"Kaza."

Alibaki Amu mpaka arubaini yangu. Siku ya kuufungua niliuomba niushike kwanza. Nilikwenda nao kona ya chumba, kando na watu, nikauweka puani. Mama yangu alikuwa akifukiza nguo zake udi, nakumbuka, au nadhani nakumbuka. Nilinusa mkunjo kwa mkunjo. Ulinuka tumbaku, mafuta ya uto, na mimi mwenyewe. Nikaugeuza, nikanusa upande wa pili.