Mwaka Alistidia Alipoonja Senene

Pale Nyanga, kijijini kwa Wahaya, ukitaka kumuudhi Alistidia, ulikuwa huna haja ya kumtukana. Ulikuwa unabakiza chakula chake tu. Mama huyu alizaliwa Rubafu, akaolewa Nyanga na Byarugaba, mkulima wa kahawa na mwimbaji wa kwaya, na tangu aliposhika jiko la mama mkwe wake, bibi Kokuberwa, hakuna mgeni aliyeondoka pale bila kulegeza mkanda. Watu walikuwa wanabuni sababu za kupita kwa Byarugaba saa saba mchana. Kwa hiyo mtaelewa Alistidia alivyoumia mgeni wake Sachiko alipoanza kudonoadonoa sahani yake kama kuku mgonjwa.

Sachiko alikuwa binti wa Kijapani, mwalimu wa kilimo cha mboga, aliyeletwa kuwafundisha akina mama wa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kemondo. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sukari. Serikali ilimpangia chumba kwa Byarugaba, na miezi ya mwanzo jiko lile lilikuwa vichekesho vitupu. Binti alichemsha dagaa, akachukua supu, halafu, jamani, akataka kuwamwaga dagaa wenyewe! Alistidia aliwaokoa mlangoni. Siku nyingine alifinyanga wali kwa viganja vyake hadi ukawa madonge, akala kwa raha zake zote. Siku nyingine tena akamkata sato mbichi vipande vyembamba, akavipanga vizuri kwenye sahani, akaenda kunawa mikono. Alistidia akajua binti wa watu amesahau kuwasha moto, akamsaidia kuvikaanga. Sachiko aliporudi aliitazama sahani, akamtazama Alistidia, akakaa chini na kucheka mpaka machozi yakamtoka: kwao samaki huliwa mbichi vile vile. Tangu siku ile walipendana kama mtu na mwanawe.

Kisha ikaja malaria. Homa iliondoka, ikaondoka na hamu ya kula. Ndizi alizikataa, wali aliukataa, hata ile sosi yake nyeusi ya soya, yenye chumvi chumvi, aliyotumiwa na mama yake kwa meli, ilikaa kabatini haiguswi. Muuguzi akasema wazi kwamba binti asipokula mpaka mwisho wa wiki, Wajapani wenzake wa Dar es Salaam watamfuata na kumpandisha ndege arudi kwao. Alistidia alijisikia vibaya sana. Alimpenda yule binti, ndiyo, lakini tuseme ukweli wote: mtu kurudishwa kwao Japani kwa sababu chakula cha Alistidia kimemshinda? Angeuweka wapi uso wake?

Katikati ya wiki hiyo mvua ikanyesha, na alfajiri senene, wale panzi wa msimu wa mvua, wakaanguka. Nani alilala? Akina mama wa Nyanga walijaa majanini na vikapu, khanga zimelowa hadi kiunoni, wakiokota na kutaniana. Alistidia akarudi na kikapu kimejaa, akaketi uani kunyonyoa mabawa na miguu, maana senene ni wa mume. Mke anaokota, ananyonyoa, anakaanga, anampelekea bwana, na bwana akishiba vizuri anamnunulia mkewe kitenge. Mke mwenyewe haonji. Ndivyo Wahaya walivyolelewa. Shangazi zake Alistidia walimtisha tangu utotoni kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene, naye alitii, ingawa ile harufu ikipanda kutoka kwenye kikaango ilikuwa inamtesa kila mwaka.

Sachiko akatoka chumbani amejifunika blanketi. Akaona kikapu. Akapiga magoti, akawashika wale senene kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu augue, uso ukamng'aa.

"Mama," akasema, "hawa bibi yangu anawapika."

Alistidia hakuamini. Binti akaeleza haraka haraka, Kiswahili chake kikijikwaa, kwamba kijijini kwao, baada ya kuvuna mpunga, watu huokota panzi mashambani, na bibi yake huwapika kwa ile sosi nyeusi na sukari hadi wanang'aa. Je, anaruhusiwa kuwapika? Bibi Kokuberwa, mlinzi mkuu wa mila katika nyumba ile, akafikiri, akaamua kwamba mgeni wa serikali hahesabiwi kuwa mwanamke. Apike.

Basi sukari ya mwezi mzima ikaingia chunguni! Alistidia alikuwa anakoroga huku moyo unamdunda kwa furaha, maana yule binti alikuwa anamwelekeza kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Senene wakaiva, weusi, wanang'aa, wananukia utamu na chumvi kwa pamoja. Sachiko akapakua bakuli mbili. Moja akaiweka mbele yake, moja akaisukuma kwa Alistidia.

Alistidia akaeleza kwamba haiwezekani. Sachiko akaweka mikono mapajani.

"Bibi yangu huwa hali peke yake," akasema. "Mama asipokula, na mimi sili."

Na kweli hakula. Alikaa tu, mkaidi, amekonda, chakula kinapoa. Alistidia akatazama mlango. Akaitazama ile shingo nyembamba ya Sachiko. Potelea mbali, akasema moyoni, umri wa kuzaa umekwisha, hicho kichwa cha senene kitatokea wapi? Akachota, akatia mdomoni.

Mama yangu! Walikuwa wanavunjika kwa meno, watamu, wana mafuta yao, na alitamani kuruka. Akachota tena. Sachiko akala. Wakawa wanakimbizana, wanacheka midomo imejaa, bakuli zinaisha, na Byarugaba akasimama mlangoni na mama yake nyuma yake.

Byarugaba alimtazama mkewe, akatazama sosi iliyomganda kidevuni, akamgeukia mama yake aseme yeye. Bibi Kokuberwa akaingia polepole, akaketi, akachukua senene mmoja chunguni, akamtafuna taratibu akiwa amefumba macho.

"Sukari imezidi," akasema. "Na mngewaacha motoni kidogo, wakauke kama wangu."

Byarugaba akauliza kwa sauti ndogo amejuaje ladha ya hao senene wake.

"Mwanangu, chumvi nilikuwa naionja kwa macho?"

Alistidia aliacha kutafuna. Alizikumbuka mvua zote zile, vikapu vyote vile, na harufu yote aliyoimeza bure.

"Kumbe mjinga nilikuwa mimi peke yangu," akasema, akakivuta chungu chote upande wake.