Mkanda wa Saa wa Mkaguzi wa Nyama

Baba alininunulia saa nilipopata kazi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na aliamini kwamba mtu aliyesoma hutambulika kwa vitu viwili: viatu vilivyopigwa rangi na saa yenye mkanda wa ngozi. Mkanda wenyewe ulikuwa wa kahawia, laini, umeshonwa pembeni kwa uzi mweupe. Alinifungia kwa mikono yake mwenyewe pale sebuleni, mama akitazama.

"Mkanda wa chuma ni wa makanga wa matatu," akasema. "Wa plastiki ni wa watoto. Mtu wa serikali huvaa ngozi."

Baba hakuijua vizuri hiyo kazi ya serikali, nami sikuwahi kumweleza kinaganaga. Nilikuwa mkaguzi wa nyama katika kichinjio kimoja kule Dagoretti. Ukiondoa akina mama walioosha matumbo upande wa nyuma, mwanamke nilikuwa peke yangu. Wachinjaji waliniita daktari. Kila asubuhi nilivaa gambuti na koti jeupe, nikashika kisu, nikapita katikati ya mizoga iliyoning'inia. Nilipasua mitoki, zile tezi za shingo, nilikata maini kutafuta minyoo, niliingiza mkono kifuani mwa ng'ombe kupapasa mapafu. Nyama iliyokuwa safi niliipiga muhuri, iliyokuwa mbaya ikamwagwa shimoni huku mwenyewe akinilaani kwa lugha ya kwao. Ilibidi nijue ng'ombe gani amechinjwa saa ngapi. Siku hizo watu walikuwa wameanza kutazama saa kwenye simu, lakini nani angetoa simu mfukoni kwa mkono uliolowa damu?

Basi nikavaa saa ya baba. Nilivuta mkono wa koti ukaifunika, nikadhani nimeikinga. Sikujua kwamba ngozi hunywa. Hunywa damu, jasho, mafuta, na maji ya moto ya kuoshea visu. Baada ya miezi michache kahawia iligeuka nyeusi, uzi mweupe haukuonekana tena, na nilipoivua saa jioni mkanda ulibaki umepinda vilevile, kana kwamba mkono wangu bado umo ndani. Nilikuwa msafi, au nilijiona msafi. Kabla ya kuondoka kazini nilivua saa, nikasugua mikono kwa sabuni ya kipande mpaka kwenye viwiko, nikajifuta, nikaivaa tena saa ileile.

Harufu sikuisikia. Pua ikishinda mahali pale kutwa nzima huacha kukuambia kitu.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, fundi wa umeme, mtu mpole ambaye kwao ni Uthiru. Alikuwa ameshaniona na gambuti zangu na hakujali. Jumapili moja alinipeleka nyumbani nikajulikane. Nilivaa rinda la samawati, nikapaka losheni, nikaifunga saa. Kwangu saa ile ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba sikutoka kwa watu wa ovyo ovyo.

Mama yake alinipokea kwa mikono miwili. Jikoni walikuwa wanawake watatu, yeye, dada yake na jirani mmoja, wanapika chapati za watu wengi. Nikasema siwezi kukaa sebuleni kama mgeni wa hospitali, nikakunja mikono ya rinda na kuomba nikande unga. Walipenda. Nikakanda. Mvuke wa sufuria ya dengu ulikuwa umejaa mle ndani, na jiko la makaa liko karibu na miguu yangu. Nilianza kutoa jasho.

Yule shangazi, yaani dada ya mama, ndiye aliyeanza. Alinyoosha shingo.

"Nyinyi, mnasikia harufu?"

"Ya nini?" jirani akauliza.

"Kama panya amefia hapa mahali."

Tukatafuta. Nasema tukatafuta kwa sababu nami nilitafuta, tena kwa bidii ya mtu anayetaka kupendwa. Nilisogeza gunia la viazi. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kabati. Nilipoenda pembeni, shangazi akasema, "Imekuja huku sasa." Niliporudi mezani akasema, "Hapana, iko hapa kwa meza." Jirani akacheka, akasema huyo panya yuko hai basi, maana anatembea. Mimi nikacheka kuliko wote.

Mama yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya dirisha, ameshika mwiko, ananitazama mkono. Kisha akasema taratibu, "Mami, hebu kuja unisaidie na maji hapa nje."

Nje kulikuwa na bomba. Hakukuwa na ndoo yoyote ya kujazwa.

"Hiyo saa," akasema. "Unaendanga nayo kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Itoe, weka kwa mfuko. Halafu oga mikono." Akanimiminia sabuni ya unga kiganjani, nyingi, akafungua bomba mwenyewe. "Usijali. Ni kitu ya kawaida."

Nilivua. Palepale, nikiwa nimeishika mbele ya uso wangu katika hewa safi ya shamba lao la sukuma wiki, ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa harufu ya shimo lile letu la kumwagia nyama mbovu. Nilikuwa nimepaka losheni juu yake.

Tuliporudi jikoni unga wangu haukuwa mezani. Jirani alikuwa anakanda mwingine, mpya kabisa, na hakuinua macho. Shangazi akaniambia kwa upole uliochoma kuliko tusi, "Wewe enda ukae, mgeni hapiki." Nikaenda kukaa. Mahali nilipowekwa palitazama dirisha la nyuma, na kupitia dirisha lile niliona kuku wamezunguka donge jeupe chini, wanalidonoa wakilivuta huku na huku kama mpira. Chapati nilizokula siku ile sizikumbuki ladha.

"Saa yako iko wapi?" mchumba wangu akaniuliza tukiwa njiani kurudi.

"Imekufa betri."

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikuwa nawaza kila mtu niliyewahi kukaa karibu naye tangu nianze kazi: mwanakwaya aliyehamia mstari wa nyuma, mama wa duka aliyekuwa akiniwekea chenji kwenye kaunta badala ya mkononi, mwenye nyumba aliyesimama mbali akinisemesha. Labda walikuwa na sababu nyingine. Mimi nilizihesabu zote kuwa ni saa.

Jumamosi nilikwenda Ngara, katika duka la saa la mama mmoja Mhindi, mzee, aliyevaa sari na sweta juu yake. Nilipotoa saa akatandika gazeti kwenye kioo cha kaunta kabla sijaiweka.

"Hii ngozi ya ng'ombe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Hapa hatuuzi ngozi, mami. Ya chuma iko, ya kitambaa iko." Aliuchomoa mkanda kwa ncha ya koleo ndogo bila kuugusa, kisha akajipaka mafuta ya waridi kidogo kwenye kidole. "Nitupe?"

"Hapana. Ni zawadi."

Alinitazama kwa huruma, akaufunga ndani ya gazeti, halafu ndani ya karatasi ya plastiki, halafu ndani ya nyingine.

Alinichagulia wa chuma. Ulikuwa unang'aa, unaoshwa kwa brashi, haunywi kitu. Nilitembea na mkono nje siku nzima. Lakini chuma kile kilikuwa cha bei ya chini, na mkono wangu haukukipenda. Wiki ya pili ulianza kuniwasha. Nikajikuna. Ukatoa malengelenge, yakapasuka, ukawa na utepe mwekundu kuzunguka kifundo. Msimamizi wetu aliuona nikiwa nimeinua mkono kushika pafu.

"Daktari, toka hapo," akaniita mbele ya kila mtu. "Ng'ombe akija na ngozi kama hiyo wewe ungempitisha?"

Wachinjaji waliangua kicheko. Sheria ilikuwa wazi, mwenye kidonda hagusi nyama, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafukuza wengine kwa kosa hilohilo. Nikapelekwa ofisini kupanga makaratasi mpaka nipone. Nilijaribu wa kitambaa baadaye, nikauacha upesi, kwani ulikuwa haukauki. Mwishowe nikaenda River Road, nikanunua mkanda wa mpira mweusi, mnene, wenye matundu, kama ule wanaouvaa wanafunzi wakicheza kandanda. Hauingizi damu, hauwashi, ukiumwagia maji ya moto unakauka ukitikisa mkono. Ulikuwa mbaya sura na ulinifaa.

Kilichobaki ni baba. Alikuja mjini kwa shughuli zake za pensheni, akapitia kwangu. Nilipomwekea chai mbele yake akaona mkono.

"Huu ni mkanda gani?"

"Wa mpira, baba. Kazini kuna maji mengi."

"Maji ya ofisini?"

Nilimsogezea sukari.

"Na ule wangu?"

Nilikwenda chumbani nikamletea kile kifurushi. Alifungua karatasi ya kwanza, ya pili, kisha gazeti. Akauinua mkanda karibu na miwani yake, mweusi, mgumu, umepinda. Kabla sijamzuia akaunusa. Uso wake ulirudi nyuma wenyewe, kama mtu aliyepigwa kibao. Akaufunga tena polepole, kila karatasi kwa zamu yake, akauweka chini karibu na kiti.

"Kesho nitakuja nione hiyo kazi," akasema.

Nilimsihi asije, akaniuliza njia, akaja. Alisimama mlangoni mwa kichinjio amevaa koti lake la Jumapili na viatu vinavyong'aa, na mtu mmoja akamwita mzee, sogea, ng'ombe anapita. Aliponiona nilikuwa na kisu mkononi na damu mpaka kwenye aproni, nazozana na mwenye ini lenye minyoo. Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ile ilikuwa imeshameza mengi. Alinitazama nikimaliza kazi ya mzoga mmoja, kisha mwingine, akatoka nje kunisubiri. Nyayo zake zilikuwa zimeacha alama nyekundu hadi getini.

Tulikunywa chai kibandani ng'ambo ya barabara. Alikuwa anafuta viatu kwa karatasi, anainama na kuinuka.

"Mpira ni sawa," akasema hatimaye.

Kisha akaniuliza kama mvua imenyesha huku, akanieleza habari za mahindi yake.

Niliolewa mwaka uliofuata. Mama mkwe amenitendea mema mengi na habari ya jikoni hajaitaja hata siku moja, nami sijawahi kupata ujasiri wa kumshukuru kwa jinsi alivyonitoa nje bila kuniaibisha zaidi. Mezani siku ya ruracio, ya kuleta mahari, wazee wa upande ule walimuuliza baba binti yake hufanya kazi gani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na trei ya vikombe, nikangoja kusikia.

"Yuko serikalini," baba akajibu.

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, mazungumzo yakaendelea. Nilishika trei ile kwa muda kabla ya kuingia, nikijiuliza alikuwa akimwonea nani haya, mimi au yeye mwenyewe, na nikijua kwamba ningeulizwa mimi siku ile ningejibu vilevile.