Nilipoandika "Amekubali"

Mwanangu, umeniomba nikubali mkutano wenu wa chama ufanyike kwa simu, kila mtu akiwa kwake, na nimekataa. Usinione mkaidi. Naogopa, na nitakuambia ninachokiogopa.

Nakumbuka asubuhi moja kule Mang'ola, miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zimetufikia. Nilikuwa katibu wa chama cha wakulima wa vitunguu tuliotumia mfereji mmoja, msichana mwenye simu mpya na majivuno yake. Maji yalikuwa yamepungua. Mwenyekiti wetu, Mzee Tluway, aliniagiza niitishe mkutano tuamue kama watu wa mashamba ya chini waache zamu yao moja ya maji ili miche ya mashamba ya juu isife. Mimi nikaona mkutano ni kupoteza siku nzima kuwasikiliza wazee wakikohoa. Nikawapigia simu mmoja mmoja. Kila mtu wa chini alinijibu, "Nimesikia, binti," nami nikaandika daftarini mbele ya jina lake: amekubali. Nikampelekea mzee habari kwamba watu wameafiki, na kaka yangu Paulo, aliyekuwa mgawa maji wetu, nikamtuma akafunge lango la chini.

Kulipokucha nikasikia kelele mferejini. Nilikimbia, mwanangu, daftari mkononi, kanga ikanidondoka njiani wala sikujua. Paulo alikuwa amesimama ndani ya maji, mgongo kwenye lango, wanaume wamemzunguka na mapanga. Wengine ni majirani waliokula pilau harusini kwake. Alikuwa akirudia kwamba ametumwa na chama, na wao wanamuuliza chama kilikaa wapi, na lini. Nikajipenyeza kati yao nimfikie.

Mzee Tluway alifika akihema. Hakumfokea mtu. Aliniamuru nisome daftari langu pale pale, kwa sauti. Nikasoma jina la kwanza: amekubali. Mwenye jina akasema, "Nilisema nimesikia." La pili, hivyo hivyo. Kila niliposoma, yule aliyekuwa karibu zaidi na Paulo alisogea hatua moja.

Mzee akanigeukia. "Binti, mtu wa hapa akikuambia amesikia, anakuambia atakuja kupinga. Wewe hukumwekea mahali pa kuja."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikasema kosa ni langu na kaka yangu hajui lolote. Wakamwacha Paulo afungue lango, na mapanga yakashuka moja moja. Paulo hakunilaumu hata siku moja. Ila kazi ya maji hakuishika tena, na mpaka leo akisikia watu wanazozana sokoni, kwanza hugeuka aone nani yuko nyuma yake.

Kwa hiyo simu itumie kuitia watu mkutano, kupeleka taarifa, hata kumjulia hali mgonjwa. Lakini jambo la kumnyima mtu chake, likalieni pamoja. Umwone aliyeinamisha kichwa, umsubiri mpaka aseme. Siku nzima ikiisha, acha iishe. Mungu akujalie wanachama watakaokukatalia usoni, na wakishakukatalia, wote warudi makwao salama.