Masomo ya Sikio la Mwanangu

Nilimchapa. Nianze na hilo, kwa sababu watu wa kwetu wakiisimulia habari hii huanzia kwenye betri na nyaya, wakacheka, wakaishia hapo. Haikuanza na betri. Ilianza na fimbo ya mti wa muwati na mkono wangu mwenyewe.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka sita hivi. Mwezi ule wa baridi alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, siku tisa tukawa tunamlinda tu apumue. Akapona. Tukatoa shukrani kanisani, na mjomba wangu akapanda kutoka Mdandu kuja kutupa pole. Sasa kwetu mtoto akimkuta mkubwa hupiga goti, husema "kamwene", ndipo apite. Mtoto yule akapita katikati yetu kimya, akaenda zake kuota moto. Nikamwita. Kimya. Nikamwita kwa ukali. Wapi! Mbele ya mjomba! Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na aibu ilinipanda kichwani. Nikachukua fimbo. Aligeuka akanitazama kwa mshangao, na kwa kuwa alinitazama hivyo nikaona ananidharau, nikamwongeza.

Mke wangu akaja mbio kutoka shambani, jembe bado mkononi. "Muache! Hasikii! Baba, mtoto hasikii!"

Alikuwa amelijua hilo siku tatu nzima. Aliogopa kuniambia, kwa sababu alimjua mume wake. Mjomba akainuka, akasema atakwenda kulala kwa jirani.

Kesho yake nilimbeba mtoto mgongoni mpaka Njombe mjini, mwendo wa saa tatu. Tabibu alikuwa mtu mpole. Aligonga beseni la bati nyuma ya kichwa cha mtoto, hata kope haikutikisika. Akaniambia, "Bwana, mshipa wa kusikia umekufa. Homa ile huua mshipa. Hakuna dawa. Nenda naye nyumbani ukamlee."

"Umeuona?" nikamwuliza.

"Nimeona nini?"

"Huo mshipa. Umeuona umekufa?"

"Hauonekani, bwana. Uko ndani."

"Basi usiniambie kimekufa kitu ambacho hujakiona."

Nikambeba mwanangu, nikarudi naye kwenye manyunyu, na njia nzima nilikuwa nimeshaapa. Kama mshipa uko ndani, nitaujua humo humo ndani. Mimi, mtu wa darasa la nne, mponda kokoto.

Kazi yangu ilikuwa barabarani, Makambako. Waingereza walikuwa wakitengeneza ile njia kuu, nasi tulikaa kambini, nyumbani tunakwenda mwisho wa mwezi. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwa mchinjaji, nikaomba kichwa cha ndama. Wenzangu wakafurahi wakidhani leo kuna mchuzi. Nikakipasua kwa msumeno. Nilipasua kichwa cha kwanza nikapata makombo ya mifupa tu. Cha pili hivyo hivyo. Sikumbuki ni kichwa cha ngapi nilipofika mwisho wa tundu la sikio nikakuta utando mwembamba, na nyuma yake vifupa vitatu vimeshikana, kimoja kidogo kama punje ya ulezi. Nilivianika kwenye sahani. Nililia, jamani, mtu mzima, kwa jinsi vilivyokuwa vizuri. Kambini wakaanza kunikwepa. Wakasema yule Mbena wa vichwa ana mambo yake, na kitanda cha pembeni yangu kikabaki bila mtu.

Lakini vifupa haviongei. Nilihitaji kitabu. Mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuwa amehamishwa alibaki na kitabu cha tiba, jalada limekwisha, chote Kiingereza. Nikampa blanketi langu. Yeyote aliyelala Makambako mwezi wa saba anajua nilitoa nini. Kiingereza changu kilikuwa cha "ndiyo bwana" na "hapana bwana", basi nikashuka Uwemba kwa mwalimu mmoja Mkatoliki niliyesikia ana kamusi. Mimi Mlutheri. Nilijiandaa kwa mahubiri. Hakunihubiria hata kidogo. Alinikopesha kamusi, akaniambia, "Ukimaliza irudishe, usipomaliza pia irudishe." Nilinakili maneno kwenye karatasi za mifuko ya saruji, kurasa ishirini za sikio, neno baada ya neno. Ilinichukua karibu mwaka mzima. Nilipofika kwenye ukurasa ulioeleza homa ile ya shingo, kitabu kilisema alichosema tabibu.

Nikakasirikia kitabu. Ndiyo, inawezekana kukikasirikia kitabu. Nilikitupa chini ya kitanda, nikaenda kutafuta elimu nyingine.

Kule Kitandililo kulikuwa na mzee aliyejua mizizi. Nilimchotea maji na kumpasulia kuni kila Jumapili niliyobaki kambini mpaka akaanza kunionyesha miti, huu wa jipu, huu wa kuhara, huu wa macho. Nilijifunza miti mingi kuliko wanawe. Akanichanganyia mafuta ya sikio. Sikuthubutu kumtilia mtoto kabla sijajua yanafanya nini, nikajitilia mwenyewe sikio la kushoto. Lo! Usiku na mchana nilihisi moto, usaha ukatoka wiki mbili, na tangu hapo sikio lile husikia nusu. Mafuta nikayamwaga. Basi nyumba moja ikawa na kiziwi mmoja na nusu.

Nikajifunza kukata na kulehemu bati. Nilitengeneza pembe kwa debe la mafuta ya taa, mdomo mpana huku, mdomo mwembamba sikioni, nikapiga kelele humo mpaka majirani wakatoka nje. Mtoto akanitazama kwa huruma. Akaichukua pembe, akamnyweshea nayo mwanambuzi.

Kila nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi nilikuwa na kitu kipya mfukoni. Nilikuwa nafika Jumamosi jioni, nampima mwanangu Jumapili, naondoka. Mke wangu alianza kusema, "Baba, kaa basi na watoto leo." Nami namjibu, "Nikae nifanye nini? Kukaa kutamfungua masikio?" Sasa nakumbuka kwamba mtoto alikuwa akiniona natokea mlimani anajificha nyuma ya mama yake. Wakati ule nililiona hilo, nikasema moyoni atanishukuru akisikia.

Mwaka wa tatu ulikuwa wa umeme. Pale Makambako palikuwa na fundi Mhindi, anatengeneza malori na redio. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna bibi mmoja wa Kizungu anayesikia kwa mashine ya betri. Nikamwambia fundi, "Nitakufagilia karakana bure, wewe niache nitazame." Akasema, "Tazama, lakini usishike." Nilitazama miezi minne. Halafu nikaanza kushika, akaanza kunitukana, halafu akaanza kunieleza. Waya unapita wapi, sauti inageukaje kuwa umeme na umeme unarudije kuwa sauti. Nilijua nimefika. Kwenye sanduku lake la vyuma vibovu kulikuwa na mkonga wa simu uliopasuka katikati, upande wa kusikilizia mbali na upande wa kusemea mbali, pande zote mbili bado nzima. Akanipa, pamoja na betri kuukuu ya lori.

Nilipeleka vitu hivyo nyumbani kwa miguu na kwa lori la kuomba, betri imenichubua bega. Sikusubiri hata uji. Nikaunganisha nyaya, nikamshika mtoto asikimbie, nikambana upande wa kusikilizia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikasema jina lake kwenye upande wa kusemea.

Akatoa macho. Akagusa sikio. Akacheka!

Siwezi kueleza. Nilitoka nje nikapiga kelele kijiji kizima kikasikia. Nilichinja jogoo. Mke wangu alikaa chini uwanjani akilia, akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu." Jumapili ile nilibeba betri mpaka kanisani, na baada ya ibada watu wote wakabaki uani wauone muujiza. Wazee wa kanisa mbele kabisa. Nikamfunga mtoto upande wa kusikilizia sikioni kwa kitambaa, nikasimama nyuma yake, hatua tatu, nikaita jina lake kwenye upande wa kusemea.

Akageuka. Ua mzima ukapiga vigelegele, wakaanza kuimba.

Mimi ndiye peke yangu niliyekuwa nyuma yake, na mimi ndiye niliyeona. Kabla hajageuka, alikuwa ametazama nyuso zao. Watu mia wote wamenikodolea macho mimi, naye mtoto mwenye akili, angeshindwaje kujua kwamba nyuma yake kuna kitu? Ningeweza kunyamaza. Wangeniita fundi mpaka leo. Lakini nilitaka asikie, sikutaka sifa, kwa hilo tu najisifu. Nikasema, "Inameni wote. Tazameni chini." Wakainama kama kwenye sala. Nikaita. Nikaita tena. Nikapiga yowe mpaka koo likakwaruza, na mtoto alisimama pale anatazama vidole vya miguu yake, ametulia. Halafu nikausogeza ule upande kutoka sikioni mpaka mfupani, nikasema polepole, akacheka tena. Alikuwa anahisi mtekenyo. Miaka mitatu yote ilinipa mtekenyo.

Hakuna aliyenicheka siku ile. Wamecheka baadaye. Siku ile waliondoka mmoja mmoja, na mwinjilisti akanisaidia kubeba betri.

Sikurudi kazini. Nilikaa nyumbani juma zima nimetandaza karatasi zangu za saruji sakafuni, nazipitia tangu ya kwanza, natafuta nilipokosea. Nilikuwa sioni njia yoyote mbele yangu. Nilikuwa nimejifunza mifupa, lugha, miti, bati, umeme, na mtoto alikuwa kiziwi kama siku ile ya fimbo. Sikula. Mke wangu aliniwekea chakula, akakiondoa, akakiweka tena.

Siku ya nne au ya tano nilikuwa nimeinamia karatasi, wao wawili wakiwa upande wa pili wa moto wanapukuchua mahindi. Nikainua macho. Binti yangu alikuwa anachezesha mikono. Aligusa shavu, akakunja vidole, akachora kitu hewani, akatikisa kichwa. Mke wangu akatikisa bega kwa kicheko, akamjibu kwa mikono vilevile, haraka haraka. Mtoto akaongeza jambo, mama akampiga kofi la mzaha gotini. Walikuwa wanazungumza. Walikuwa wanasengenya kabisa!

"Mnafanya nini?" nikauliza.

Mke wangu akashtuka. "Tunaongea tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule, baba. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeanza, nasi tukamfuata. Bibi yake anajua. Watoto wa jirani wote wanajua. Hata mwinjilisti anajua kidogo." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wewe hukuwa ukikaa."

Mtoto alikuwa ananitazama. Kwa mara ya kwanza hakujificha, labda kwa kuwa nilikuwa nimekaa chini. Akaelekeza mkono kwenye karatasi zangu, akagusa paji la uso, akafungua viganja vyote viwili, akapapasa sakafu huku na huku, akajigusa kifua.

"Anauliza nini?"

Mke wangu akainamia mahindi yake. Nikamwuliza tena, bila ukali safari hii.

"Anauliza baba anatafuta nini kwenye makaratasi siku zote. Anasema kama kuna kitu kimepotea, umwonyeshe kikoje, akusaidie kukitafuta."

"Mwambie..." nikasema, nikakwama.

"Mwambie mwenyewe," akasema mke wangu.

Wakaningoja wote wawili. Sikuwa na mikono ya kusema hivyo, wala sikujua pa kuanzia. Nikanyoosha kidole, nikamwelekezea yeye. Ni wewe. Ni wewe ninayekutafuta.

Akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, mtungi wa maji tu. Akanitazama tena usoni, akiwaza, kisha uso ukamkunjuka, akaona ameelewa. Akainuka mbio, akaenda mtungini, akarudi na kata ya maji ameishika kwa mikono miwili, akapiga goti akanipa.

Sikuwa na kiu. Nikanywa yote.