Kahawa ya Nyantende

Ajenti wa depo yetu ya kahawa hupangusa simu kwenye shati kabla ya kila gunia, halafu huiinua juu kutafuta rezo ya mtandao, ulimi nje, sisi tukiungua juani. Eti anaingiza gunia kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni, ili mnunuzi wa Ulaya ajue kahawa imetoka shamba gani. Juzi, ile ya Maman Rosette wa Nyantende akaiandika kuwa ya Bunyakiri, mbali kabisa. Leo mnunuzi ameikataa: simu inasema Bunyakiri, mama anasema Nyantende.

“Si ufute!” nikamfokea ajenti.

Akatabasamu kwa ule upole wake unaonichosha. “Blokcheni haifutiki, papa. Maman, useme tu shamba yako iko Bunyakiri.”

Maman Rosette akaketi juu ya gunia lake. “Na kaburi ya bwana yangu iko mu ile shamba. Nayo utaihamisha?”

Ajenti alishaanza kupangusa simu.