Nilimjengea mchumba wangu nyumba bila kumuuliza, halafu nikaiandika kwenye katuni

Wakuu wa humu ndani, nawasalimu wote, wanaosoma na wanaopita tu.

Sitatia chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, maana nikificha hapo hamtanisaidia kitu.

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya rundo la mchanga kwenye plot yangu, nje kidogo ya Kitengela. Mbele yangu kuna nyumba niliyoijenga mimi. Ndani kuna wanawake wawili, mchumba wangu Silantoi na mama yake, pamoja na fundi wao, na wamekaa humo zaidi ya saa nzima. Mimi nimeambiwa ningoje nje.

Wakitoka nitajua kama naoa au naanza maisha upya. Kwa hivyo nikirukaruka kwenye maelezo mnielewe. Nikisikia mlango ukilia tu nasimama.

Niwape background kidogo.

Naitwa Muriuki. Wazazi wangu walitoka Central wakaja Kitengela kufanya biashara, mimi nikazaliwa hapa. Kazi yangu ni kuandika katuni. Si utani, ni kazi. Kuna studio ndogo juu ya duka la hardware, na mimi ndiye natunga wahusika, wanasema nini, wanapenda nani, wanaogopa nini. Silantoi ndiye anawachora.

Silantoi ni Mmaasai. Kwao ni Oltepesi, barabara ya Magadi, lakini yeye amepanga chumba Gataka, huko Rongai. Anakuja studio mara mbili kwa wiki, siku zingine anachorea nyumbani. Tumependana miaka miwili sasa. Ni mtu wa maneno machache, na akinyamaza sana ujue kuna jambo.

Baba yangu alinilea na wimbo mmoja: mwanaume haleti bibi kwa nyumba ya kupanga. Nilipopata plot nikaanza kujenga kimyakimya. Nikachagua ramani mimi. Nikachagua rangi ya mabati mimi. Jiko nikaliweka nyuma kwa sababu fundi alisema huko ndiko mabomba yatapita vizuri, na mimi nikasema sawa. Silantoi hakujua chochote. Nilitaka iwe surprise.

Mko pamoja nami?

Sasa, tukapata kazi ya katuni ya watoto wakubwa wakubwa, hadithi ya mapenzi kati ya msichana wa Kimaasai na moran, kijana shujaa wa kwao. Bosi akaniita akasema, "Muriuki, huyu msichana awe strong. Sitaki msichana wa kubeba kuni."

Nikafurahi sana. Nikamtunga Nalepo. Nikampa mkuki. Nalepo anafukuza simba, anawashinda wavulana mbio, hapiki, hafagii, hasemi samahani. Halafu nikamtunga Saruni, kijana anayempenda. Kwenye episode ya sita, Saruni anamjengea Nalepo nyumba kwa siri, anamshika mkono, anampeleka, Nalepo analia kwa furaha.

Mshaelewa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa naandika mpango wangu mwenyewe, halafu nampa Silantoi auchore bila kujua. Nilitaka nione uso wake akifika hapo. Nilijiona mjanja kweli.

Silantoi akachora simba, akachora mbio, akachora kila kitu kwa wakati. Episode ya sita ikaja na nafasi nyeupe. Nyumba hakuna.

Nikamuuliza vipi. Akasema, "Hiyo scene imekataa kuchoreka."

"Imekataaje? Ni nyumba tu."

"Wewe unajua nani hujenga nyumba kwetu?"

Na hapa wakuu ndipo nilipoharibu. Nilijua. Kila mtu huku Kajiado anajua kwamba kwa Wamaasai mwanamke ndiye hujenga, anakata fito, anakandika kwa mavi ya ng'ombe. Nikamjibu kwa kifua kabisa, "Najua, ndiyo maana nimemtoa Nalepo kwa hiyo kazi. Nimem-free."

Akafunga laptop akaenda kununua chai. Yangu hakuniletea.

Wiki iliyofuata mama yake akaja studio. Tulikuwa tumemwomba atuwekee sauti ya nyanya yake Nalepo, kwa sababu ana sauti ya kukwaruza kidogo na kicheko kinachotoka tumboni. Nikamsalimu kwa Kimaa kama mama yangu, kwa heshima nilivyofundishwa, "Takwenya, yeyo." Akaitikia, "Iko," akanishika mkono akauliza habari za wazazi. Nikaona mambo yako sawa.

Kabla ya kurekodi tukamwonyesha michoro yote ikiwa imepangwa, ili aijue hadithi. Kwa scene ya nyumba Silantoi alikuwa ameweka mistari ya haraka haraka tu. Mama akacheka na simba. Akapiga makofi Nalepo aliposhinda mbio. Ilipofika nyumba akasogea karibu na skrini.

Akaniambia, "Ero, kijana, rudisha hapo."

Nikarudisha. Akaangalia mara ya pili.

"Sasa hawa watu wakikosana, nani anatoka nje?"

Nikasema, "Hawatakosana, yeyo. Wanapendana."

Alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia binti yake kitu kwa Kimaa, na Silantoi hakucheka.

"Nyumba ni ya nani?" mama akaniuliza.

"Yao wote wawili."

"Nani alijenga?"

"Saruni."

"Basi ni ya Saruni. Wakikosana ni msichana atatoka. Atatoka na hiyo mkuki yake aende wapi?"

Bosi naye alikuwa ameingia, akasimama mlangoni na kikombe chake.

Mama akatueleza. Alipoolewa hakukuwa na mtu wa kumkaribisha kwa nyumba yake, kwa sababu nyumba aliijenga yeye na wanawake wa boma. Mzee alikuwa na ng'ombe, alikuwa na neno la mwisho kwa mambo mengi, alikuwa na kelele. Lakini nyumba hakuwa nayo. Alikuwa anakuja mlangoni anasema amefika. Siku moja alikuja amelewa na matusi, mama akamwambia nyumba imejaa. Mzee akalala na mbuzi.

"Na si ati ni raha," akasema. "Moshi imeniharibu macho. Nilipanda juu kuziba paa na mvua, niko na mimba ya huyu Silantoi. Mtu akiniambia binti yangu asipake mavi, nasema asante. Lakini nyinyi mmempatia huyu Nalepo mkuki, mmemnyang'anya nyumba."

Wakuu, mimi sikuwa nafikiria Nalepo tena. Nilikuwa nafikiria mabati yangu ya maroon, na jiko la nyuma.

Tulirekodi. Mama alikuwa mzuri ajabu, bosi mwenyewe alikiri. Lakini mimi sikusikia hata nusu. Nilitoka nikarudi, nikatoka tena, nikashuka ngazi za hardware nikazipanda bila sababu.

Kesho yake nikashindwa kuvumilia. Nikampeleka Silantoi kwa plot. Hakuna kushikwa mkono, hakuna surprise. Nilimwambia njiani kama mtu anayeungama.

Alizunguka nyumba yote polepole. Aligusa kuta. Mimi namfuata nyuma naeleza vitu hata hajauliza, hapa ni sitting room, hapa tutaweka tank. Akafika jikoni akasimama.

"Hii dirisha inaangalia nini?"

Nikachungulia. Miezi yote hiyo sikuwahi kuchungulia. Linaangalia ukuta wa jirani.

"Silantoi, najua kwenu mwanamke ndiye..."

Akanikata. "Usiniletee ya kwetu. Mimi sitaki kupaka mavi, Muriuki. Hata mama hataki nipake. Nilitaka tu kuulizwa mlango ukae wapi."

Akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka nimshike. Alikuwa anataka ufunguo.

"Jumamosi nitakuja na mama," akasema. "Halafu nitakuambia kama nitaishi hapa ama utafute mwingine wa kumweka ndani."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kutoka hapo sijatulia. Nikishika simu naiweka. Niliandika upya ile scene mara nyingi mpaka nikachanganyikiwa. Mwishowe nikaiacha hivi: Nalepo anajenga na wanawake wa boma, Saruni analeta fito, anaziweka chini, anangoja nje mpaka aitwe. Mkuki wa Nalepo nimeuacha, lakini ameuegemeza ukutani, ukuta ambao ni wake.

Bosi akasema hero anaonekana kama mtumishi, watazamaji hawatampenda. Nikamwambia amuulize bibi yake. Alinuna, lakini hajaikataa bado. Na Silantoi, ambaye hakuwa amenitumia hata salamu tangu Jumanne, alinitumia michoro yote ya hiyo scene siku hiyo hiyo niliyompa. Imekamilika, mpaka vumbi kwenye viatu vya Saruni. Sikujua kama ni msamaha au ni kazi tu. Mpaka sasa sijui.

Leo ndiyo Jumamosi. Walikuja asubuhi na mtu wa futi na kalamu, fundi ambaye si wangu. Nilipotaka kuingia nao, mama akaniwekea kiganja kifuani, bila ukali. "Ngoja kwanza."

Nasikia nyundo huko ndani. Sijui wanabomoa nini. Na cha ajabu, nikisikia nyundo roho inatulia kidogo, maana mtu habomoi ukuta wa nyumba asiyoitaka. Ama anabomoa? Ndiyo maana nawauliza.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani kumpa mwanamke nguvu ni kumvua kazi zake na kumvisha zangu. Sikuwahi kuuliza ndani ya hizo kazi zake kulikuwa na nini chake. Niliona mavi ya ng'ombe, sikuona mlango. Na nilifanya hivyo nikiwa najua mila, ndiyo aibu yenyewe. Mtu asiyejua angeuliza.

Waandishi mlio humu, wanaume wenye plot, na nyinyi akina dada hasa, niambieni. Mngekuwa Silantoi mngeingia? Nitukaneni pia, lakini kwa kiasi, leo niko na roho ya karatasi.

EDIT: Wakuu, nyundo imenyamaza. Palipokuwa ukuta wa jikoni ubavuni, upande wa barabara, sasa kuna shimo la dirisha, na aliye humo anaona mpaka milima ya Ngong kwa mbali. Silantoi ametoa kichwa hapo, nywele zimejaa vumbi la mawe. Ameniangalia, ameangalia nilipokaa, na maneno yake ni haya, nayaandika kabla sijasahau:

"Wewe, toka kwa mchanga yangu. Na ukitaka kuingia, piga hodi."

Nimesimama mlangoni. Napiga.