Pete ya Waya

Juzi fundi redio wa soko la Owino aliyeyusha risasi ya kulehemu mbele yangu, na harufu yake ikanirudisha kwenye meza ya baba, kule Kibuli.

Baba alikuwa dereva wa gari moshi, na nyumbani alikuwa akiunda jingine dogo ambalo halikwisha kamwe. Mabehewa yalikuwa makopo ya maziwa, magurudumu vizibo vya soda, na reli njiti za mwavuli ambao mama aliutafuta msimu mzima wa mvua.

Mimi nilikuwa stesheni masta. Nilitunza pete ya waya.

"Njia ni moja," baba alinifundisha. "Dereva haondoki bila pete, na akifika lazima aikabidhi, ndipo gari jingine lipite."

Basi kila asubuhi akienda kazini nilimpa pete mlangoni, na jioni alinirudishia kabla hajavua kofia.

Siku moja mwenzake alikuja kutuambia kwamba wanajeshi wamemshusha garini. Jioni ile baba hakurudi, wala kesho yake. Mama alinong'ona na majirani. Mimi nilikaa mezani, sikusogeza hata behewa moja, kwa sababu njia ilikuwa na mtu.

Siku ya tatu, mchana, alitokea bila viatu, bila saa, jicho limevimba. Mama alipiga ukelele akamkimbilia. Baba alimzuia kwa mkono, akasimama palepale kizingitini, akanitazama, akafumbua ngumi.

"Stesheni masta," akasema, "pokea pete."